Mbolea ya kuku: nilivyochoma mbegu za mama kule Ibaba, shangazi wa Malawi akatuokoa

Wakuu, habari za muda huu.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Naona aibu kidogo lakini naandika.

Naishi Tunduma, nahangaika na makaratasi ya malori pale mpakani. Nyumbani kwetu ni Ibaba, Ileje, kule milimani. Baba alishatangulia. Mama ana shamba moja tu la mahindi nyuma ya nyumba, na ndilo linalomlisha mwaka mzima. Akikosa pale, amekosa.

Msimu wa juzi mgongo ulimsumbua sana. Nikamwambia apumzike, safari hii nalima mimi. Nilishaangalia video za kilimo mpaka nikajiona bwana shamba.

Tunduma wafugaji wa broila ni wengi. Ukienda na viroba vyako wanakupa mbolea bure na kukushukuru juu, maana umewasafishia banda. Nikajaza, bado ina joto ukiishika, nikaipandisha Ibaba. Moyoni nasema hii ndiyo mbolea kali.

Sasa sisi tumezoea ya dukani. Kifuniko cha soda kila shimo, udongo kidogo, mbegu, funika, songa mbele. Nikafanya hivyohivyo na ya kuku, ila kwa kuwa ni ya bure, badala ya kifuniko nikaweka konzi nzima, na mbegu nikaitupia humohumo.

Jirani mmoja alipita akauliza kama nimeiacha ikapoa kwanza. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. (Hapo mnaruhusiwa kunicheka.)

Mvua ikanyesha vizuri tu. Baada ya wiki mbili mashamba ya wenzetu yakawa kijani, letu udongo mtupu. Miche michache iliyochomoza ilikuwa na ncha za kahawia, nayo ikalala.

Mama alitembea kwenye mistari ameshika kiuno. Nilitamani anifokee.

Shangazi yangu, dada yake baba, ameolewa ng'ambo, Malawi, upande wa Chitipa. Huko nako ni Wandali na Walambya wenzetu, mpaka tu ndio umepita katikati. Alikuja kumjulia hali mama, akaomba aone shamba. Akafukua shimo moja kwa kidole, akanusa, akatoa punje iliyooza.

"Wifi, mwanao kapika mbegu," akamwambia mama.

Mimi akaniambia kesho yake nimsindikize kwake nikaone kitu.

Tukavukia mpakani Isongole. Wakuu, shangazi ana kuku wa kienyeji wachache tu, lakini mbolea yao anaitunza vizuri kuliko mimi ninavyotunza nguo zangu. Kwao kule ya dukani ni ya kuitafuta kweli, kwa hiyo hawamwagi hata konzi moja. Anairundika pamoja na mabua yaliyokatwakatwa na udongo, anamwagia maji, anafunika kwa majani ya migomba, kila wiki anageuza.

Katikati ya rundo kachomeka fimbo. Anaichomoa na kuishika. Ikiwa na joto, mbolea bado. Ikitoka baridi na rundo likawa linanukia udongo, hapo ndipo inakwenda shambani. Na bado haigusani na mbegu, inatenganishwa na udongo.

Sisemi Wamalawi wote wako hivyo, wala sisi wote ni wazembe. Ibaba wapo wanaofanya vizuri kabisa, na yule jirani ni mmoja wao. Ila sisi tunaoipata kwa wingi tunaifanyia haraka, wao wenye kidogo wanaisubiri.

Rundo lile lilikuwa la bustani yake. Akaniambia nichote lote. Nikakataa.

"Mimi nina mume na watoto wameshakua," akasema. "Mama yako ana shamba hilo moja."

Nikachota huku machozi yananilenga, sifichi.

Nyumbani mama alishusha mahindi ya mbegu yaliyokuwa yananing'inia juu ya jiko, yale ya asili yanayowahi kukomaa. Hakukuwa na mengine. Tukapanda katikati ya mistari ya zamani, tukiwa tumechelewa, na kila wingu lililopita bila kunyesha nililifuata kwa macho mpaka lipotee.

Mungu ni mwema, mvua haikukatika mapema. Hatukuvuna kama miaka mingine, lakini mama hajanunua unga hata siku moja.

Funzo langu: mbolea ya kuku iacheni ipoe, na mkiulizwa swali na jirani shambani, simameni mjibu vizuri.

Jumapili ya shukrani ya mavuno nilikuwa kanisani na mama. Mama akasimama na debe lake la mahindi mbele ya watu wote, akamshukuru Mungu, akamshukuru wifi yake, kisha akasema, "Na huyu mwanangu, ndiye aliyenilimia." Akaketi. Ya upandaji wa kwanza hakuyagusa kabisa.

Watu wakanipigia makofi. Nilishindwa kuinua uso.

Kwa hiyo aliyoyanyamazia mama nimeyasema mimi hapa. Wenye uzoefu wa mbolea hii, huku kwetu au ng'ambo, karibuni mchangie. Na wa kunicheka pia karibuni.