Kitanda cha Asya

Ukimtaka Mwalimu Hudhaifa siku za kazi, usimtafute kwake Tibirinzi. Yuko njiani na vespa yake, leo Konde, kesho Mtambile. Ni mratibu wa mafunzo ya amali ya kilimo, kazi yake kuunganisha skuli za sekondari na chuo, ili mtoto aliyeanza na bustani ya skuli amalizie chuoni na cheti chake. Kazi anaijua, hapo sina ugomvi naye. Walimu wa skuli na wa chuo walikuwa hawasikilizani kabisa, yeye ndiye aliyewakalisha pamoja. Na ulimi anao. Akisimama mbele ya wazazi kueleza heshima ya kilimo, utatamani utoke hapo ukanunue jembe.

Mwaka huu, kwenye mkutano wa wazazi Mtambile, Bi Mwanapili alinyanyua mkono. Mama huyu amelima mihogo maisha yake yote, na alikuwa ameapa binti yake Raya hatalima. Raya mwenyewe alikuwa anakililia chuo.

"Mwalim, maneno yako matamu. Na Asya wako je? Si kamaliza pamoja na huyu wangu? Yeye wampeleka wapi?"

Jawabu la kweli lilikuwa fupi. Asya, mtoto anayependa miche kuliko simu, aliomba kilimo, na baba yake, Mwalimu huyuhuyu, akamfokea: "Sikukusomesha miaka yote hii uje kushika jembe!" Akampeleka Unguja, akasome uhasibu. Sasa Hudhaifa alizitazama zile nyuso, akaogopa kuchekwa.

"Asya yumo," akasema. "Ataanza na wenzake."

"Basi kama wa Mwalim yumo, na wangu naye aende."

Watu wakapiga makofi. Angeweza kujisahihisha palepale, wala simwonei nikisema hivyo. Hakuthubutu. Tangu siku ile akawa anaona haya hata kumpigia simu bintiye, salamu akamwachia mkewe.

Chuo kilipofunguliwa, alipita dahalia ya wasichana kuangalia kama wote wamepata pa kulala. Raya alikuwa keshapanga vitu vyake kitanda cha juu. Cha chini alikitandika kanga mpya ya mama yake.

"Hiki nimemwekea Asya," akasema. "Wenzangu wamekitaka, nimewakatalia. Yuko wapi, Mwalim?"

Uongo mwingine alikuwa nao tayari, kwamba anaumwa, kwamba atakuja wiki ijayo. Lakini Bi Mwanapili alikuwa mlangoni na ndoo ya bintiye, anamtabasamia. Lile tabasamu lilimshinda. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Haji," akasema. "Yuko Unguja, anasoma uhasibu. Kilimo alikitaka. Mimi ndiye niliyemkataza."

Bi Mwanapili akaiweka ndoo chini. "Kwa nini?"

"Nilimwambia sikumsomesha aje kushika jembe."

"Ala! Huyu wangu ndo wa kulishika?"

"Mama, mie nimekipenda mwenyewe," Raya akasema.

Mama akaitoa ile kanga kitandani, akaikunja vizuri, akaitia sandukuni mwa bintiye. Kisha akamgeukia Hudhaifa, akasimama kungoja jawabu lake. Na yule bingwa wa mikutano akabaki anaitazama ndoo.