Kidonge cha Kumnyamazisha Spika

Mtaa mzima ulimwita Spika, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alishona sare za shule sebuleni kwake, cherehani ikinguruma na yeye akiizidi kelele. Mteja alipimwa kiuno, akasemwa unene, akaulizwa ataoa lini, vyote kwa pumzi moja. Mumewe, fundi wa feni, alikuwa mtu wa kuanza sentensi tu. Kuzimalizia ilikuwa kazi ya mkewe.

Basi kifua kikaanza kumbana. Daktari akampa vidonge vidogo.

"Kikibana, acha kazi, kaa chini, weka kimoja chini ya ulimi. Usimeze, usitafune. Na mama, usiongee mpaka kiyeyuke. Kichwa kitagonga kidogo, vumilia. Maumivu yasipotulia, njoo hapa mbio."

"Dakta, hii ni dawa au kufuli?"

Kidonge cha kwanza kilimruka mdomoni akimjibu mteja habari za vifungo. Cha pili alikimeza apate nafasi ya kugombana na jirani. Siku hiyo alifika hospitali kalazwa kwenye mkokoteni wa matofali, midomo imepauka, na bado anamwelekeza njia mwenye mkokoteni. Daktari akamvuta mumewe pembeni: "Akirudia mchezo huu, utamzika."

Haikupita wiki, mkasi ukamdondoka akikata kola. Mumewe akamkalisha, akamtia kidonge chini ya ulimi. Dirishani kulikuwa na mteja analalamikia pindo, na Spika tayari anafungua mdomo.

"Mke wangu," mume akawahi, "unalikumbuka lile gauni lako la hariri lililounguzwa na pasi?"

Mdomo ukafungwa. Kwa gauni lile alikuwa amemnunia wifi yake miaka nenda rudi.

"Si dada yangu aliyeliunguza. Na ukitoa neno, naishia hapa hapa."

Macho yalimtoka Spika, lakini kimya. Fundi wa feni akasimulia taratibu, kwa raha ya mtu anayefika mwisho wa sentensi kwa mara ya kwanza: pasi ilivyowaka, moshi ulivyofuka, mtu alivyolikunja gauni haraka haraka. Mteja naye akasahau pindo, akaegemea dirisha asikie.

Kidonge kikayeyuka. Kifua kikalegea, kichwa kikaanza kugonga.

"Nani?" Spika akafoka.

"Nitakuambia kikibana tena."

"Mshenzi! Ni wewe!"

"Mimi sijasema."

Akamrushia chaki ya kuchorea nguo, ikampita sikioni. Shabaha yake ilikuwa nzuri siku zote, ila safari hii alikuwa anacheka.