Wachezaji wa Akiba na Ngwe ya Mwisho

Mwaka wa vita, masika yakikaribia, mbegu yetu ya maharage ilikuwa chungu kimoja tu. Tuliichanganya na majivu isitobolewe na wadudu, tukaifunika kwa jani la mgomba, na mimi nikaiweka mahali nilipoweza kuiona kila niingiapo ndani. Msimu uliotangulia tulikuwa tumechelewa kupanda. Maua yalikutana na jua yakadondoka, tukala ndizi za kuchemsha bila kitu kingine hadi mdogo wetu wa mwisho akawa anayaulizia maharage kama mtu anavyomuulizia ndugu aliyesafiri.

Tulikuwa wanne. Mama alitangulia, baba akamfuata mwaka ule tuliohamishwa kutoka mlimani kuja kwenye nyumba za mstari kando ya barabara ya Biharamulo. Nilikuwa darasa la tano. Nilirudisha vitabu vya shule, nikabaki na daftari moja ambalo nusu yake ilikuwa haijaandikwa. Niliwaambia wadogo zangu jambo moja, na nililirudia mara nyingi kuliko sala: katika nyumba hii kila mtu atalima ngwe yake mwenyewe. Sikutaka kusikia watu wakisema kwamba yatima wale wanabebwa.

Ngwe nilizipima mimi. Katibu wa kijiji aliona nina mkono usiotetemeka, akanikabidhi kamba na vigingi. Asubuhi ya kazi kwenye shamba la kijiji nilikuwa natangulia na kamba yangu, namkatia kila mwenye jembe kipande chake, kisha nami nalima changu. Dada yetu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na kifua chake kilikuwa kinambana. Katibu alisema, "Huyu mpe nusu." Nilikataa. Nilimpimia ngwe nzima, kule mwisho wa shamba, nyuma ya kichuguu kikubwa, na jirani yake nikampimia mdogo wangu wa kiume.

Kisha lori likaja kuchukua mgambo. Wenye nguvu karibu wote walipanda, wengine wakiimba, wengine wakiangalia miguu yao. Kijiji kilibaki na wazee, wanawake, wenye visingizio na sisi ambao hatukuitwa. Shamba la kijiji lilibaki lilelile. Mkutano ulianza kugombana: mvua ya kwanza ikinyesha, nani atatangulia kupanda shamba la kijiji na nani atatangulia kupanda la kwake? Kila mmoja alijua kwamba atakayeanza na la kijiji atakuta wiki mbili nzuri za udongo zimempita.

Mwenyekiti alichoka na kelele. Akasema tugawane makundi mawili ya kazi, na mpira uamue. Manahodha wawili wachague wachezaji kwa zamu, mmoja huyu mmoja yule, na kila mchezaji aende na nyumba yake yote. Nyumba haigawanywi. Nyumba zisizo na mchezaji yeye atazipanga. Wachezaji kumi na mmoja, wa akiba watatu. Kundi litakaloshindwa litaanza na shamba la kijiji.

Nahodha wa kwanza alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi aliyecheza mpira zamani kule Kabanga. Wa pili nikawekwa mimi. Sikuwa mchezaji. Mwenyekiti alisema, "Huyu anamjua kila mtu kwa jembe lake."

Nilikuwa na siku sita. Nilijua kumi na mmoja wa kwanza hawatanisumbua. Kila mtu kijijini aliwajua, tungegawana nusu kwa nusu na fundi. Kilichoninyima raha ni wale watatu wa akiba. Watu waliobaki hawakuwa na pumzi ya dakika tisini. Kipindi cha pili miguu ingekwisha, na mechi ingeangukia mikononi mwa watakaoingia mwishoni. Mtu wa kuingia mwishoni si lazima awe bora kuliko wote. Anatakiwa awe mtu ambaye jambo likikaribia kuisha halimponyoki.

Nitampimaje mtu wa namna hiyo? Uwanjani nisingeweza, kwa kuwa hatukuwa tumecheza tangu lori liondoke. Nikawaza jembe. Siku zile tulikuwa bado tunavunja ardhi kavu ya shamba la kijiji, ngwe baada ya ngwe. Nikawa nalima huku jicho langu likiwa kwa wenzangu, hasa saa ile ya jua kali filimbi ya katibu inapokaribia na kila mtu amebakiza hatua chache. Nani anaongeza mwendo, nani anasimama kuegemea mpini? Nikirudi nyumbani nilifungua daftari nikaandika. Mmoja nilimwandika: anaanza vizuri, anakwisha katikati. Mwingine: analalamika lakini anamaliza.

Wa kwanza niliyemwamini alikuwa mfugaji mmoja Msukuma, aliyekuja na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, mtu asiyevaa viatu. Ngwe yake aliilima kwa mwendo mmoja kama anayesukuma mlango mzito. Wa pili alikuwa kijana wa kwaya ya kanisani. Huyu alinishangaza. Katikati alikuwa wa kawaida, lakini akibakiza hatua kumi jembe lake lilikuwa linapanda na kushuka kama anafukuzwa, na mara nne kati ya tano alimaliza kabla ya wote. Nilimpigia mstari chini ya jina.

Wa tatu, kwa haki, angekuwa mdogo wangu. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao hata fundi aliuogopa. Lakini nilichokiona ni hiki: kila siku, akibakiza hatua chache karibu na kile kichuguu, alikuwa anatoweka machoni pangu, na filimbi ikilia ngwe yake haijaisha. Siku tano, mara tano. Nikaandika: mwisho analegea.

Dada alinikuta nikiandika. Alisoma begani kwangu.

"Kaka, hilo umemwandika nani?"

"Halikuhusu."

"Umeuliza?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Alikohoa, akarudi kwenye sufuria yake. Nikafunga daftari.

Siku ya kuchagua tulikaa kwenye ofisi ya kijiji, mwenyekiti mezani, fundi upande ule na mimi upande huu, watu wamejaa madirishani. Nilimwamkia fundi, "Shikamoo."

"Marahaba, karani. Umekuja na daftari? Unachagua wachezaji au wachumba?"

Watu walicheka. Alishinda bahati ya kijiti akamchukua golikipa. Nikachukua beki. Tulikwenda hivyo, yeye akitania, mimi nikipiga alama, mpaka wakatimia kumi na mmoja kila upande.

"Sasa akiba," mwenyekiti alisema.

Nilimtaja mfugaji. Fundi akapiga makofi. "Haya! Na ng'ombe nao wataingia kipindi cha pili?" Yule mfugaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimjibu taratibu, "Ng'ombe zangu zinajua kupasi, fundi. Wewe kazi yako kupiga mbio na baiskeli za watu." Hata mwenyekiti alicheka.

Zamu ya pili nilichukua kijana mmoja mrefu wa kuruka vichwa, kwa kuwa hatukuwa na mtu wa kuondoa kona. Ikabaki nafasi moja. Mdogo wangu alikuwa dirishani. Kwa kuwa nyumba haigawanywi, fundi hakuweza kumchukua; nisipomtaja mimi, hachezi kabisa. Alikuwa ameosha kaptula yake siku hiyo. Niliiona, bado ina unyevu kiunoni.

Nilitazama daftari. Nikawaza kile chungu. Nilijiambia kwamba mtu anayemchagua ndugu yake kwa sababu ni ndugu ndiye anayelaza nyumba yake njaa. Nikamtaja kijana wa kwaya.

Fundi aliacha utani. "Karani, mguu ule wa kushoto unauacha nje? Mwenyekiti, vunja hiyo sheria yako nimchukue mimi."

"Sheria haivunjwi," mwenyekiti alisema. "Kijana, una hakika?"

"Nina hakika."

Nilipogeuka dirishani mdogo wangu hakuwepo. Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba akinoa jembe. Hakuniuliza kitu. Heri angeniuliza.

Mechi ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mawingu yamekaa juu ya vilima upande wa Burundi, mazito, na kila mtu akiyatazama mara mbili kwa kila mara moja aliyotazama mpira. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, wa shule, umejazwa kwa pampu ya fundi. Walitufunga mapema. Tukarudisha, na kipindi cha pili kilipoanza tukaongeza. Mbili kwa moja. Nilisimama pembeni nikihesabu si dakika bali vifua: nani anashika kiuno, nani anapumua kwa mdomo.

Winga wetu alipoanza kutembea nilimwingiza mfugaji, na akafanya kama alivyolima. Hakupendeza, hakupotea. Yule mrefu aliingia pia, akaondoa kona mbili kwa kichwa. Kisha beki wetu wa kulia akakamatwa na msuli, akaanguka, akabebwa. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Refa, mwalimu wa shule, alinionyesha vidole vitano.

Nilimwingiza kijana wa kwaya. Nilimshika bega nikamwambia, "Hatutaki goli. Ukiupata, upeleke nje. Nje tu."

"Ndiyo, nahodha."

Aliupata mara ya kwanza, akaupeleka nje. Moyo wangu ukatua. Mara ya pili aliupata katikati, hana mtu mbele yake, na nikaiona ile hali niliyoiona shambani: akatoka mbio, kama anafukuzwa. Watu wa kundi letu wakapiga yowe la furaha. Nilimpigia kelele aupeleke nje. Alipiga shuti akiwa mbali mno, mguu haukuupata vizuri, mpira ukajikokota hadi kwa golikipa wao. Golikipa akaupiga mrefu kwenye upande aliouacha wazi. Mbili kwa mbili. Hata hatujajipanga, wakarudi kupitia palepale. Tatu.

Fundi alipita mbele yangu filimbi ilipolia. Nilingoja utani. Alisema tu, "Pole, mdogo wangu," na hilo liliniuma kuliko utani.

Mvua ilinyesha siku ya tatu. Kundi la fundi likaenda kwenye mashamba yao, tukawasikia wakiitana kule mabondeni. Sisi tukaenda shamba la kijiji, kila mmoja kwenye ngwe zake zilezile za kiangazi, maana vigingi vyangu vilikuwa bado vimesimama. Kazi ilikuwa kulainisha udongo na kutia mbegu. Nilikuwa nazunguka kukagua vigingi nilipofika kwenye ngwe ya kijana wa kwaya. Mwanzo wa ngwe ulikuwa safi. Hatua kumi za mwisho mvua ilikuwa imezifunua nyasi zote, nene, kama hapajawahi kuguswa. Niliinama nikafukua kwa kidole. Alikuwa amekwangua tu juu, akafunika nyasi kwa udongo. Kwa miaka mitano nilikuwa mkulima, na katika siku zile tano sikuinama hata mara moja kutazama kina.

Nikaenda hadi kwenye kichuguu. Ilikuwa ile saa ya filimbi kukaribia. Ngwe ya mdogo wangu ilibakiza hatua chache, na jembe lake halikuwepo. Nilizunguka kichuguu. Alikuwa kwenye ngwe ya dada, amemgeuzia mgongo, analima kutoka mwisho kuja katikati, na dada amechuchumaa ameshika kifua, anatia mbegu kwa mkono mmoja. Udongo wa mdogo wangu ulikuwa umegeuzwa hadi chini, mweusi.

Waliponiona walisimama wote wawili, kama watoto waliokutwa wanaiba sukari.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu ulipompimia," mdogo wangu alisema.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Aliangalia jembe. "Ulisema kila mtu atalima ngwe yake. Ningekuambia ungenikataza, na yeye asingemaliza."

Dada alisema, "Nilikuuliza kama umeuliza, kaka."

Nilitaka kumwambia mdogo wangu kuhusu lile neno nililoandika, lakini alikuwa anajua, niliona kwamba anajua. Nikaacha kamba pale chini. Nikaingia ngwe ya dada kutoka upande huu, mdogo wangu akaendelea kutoka upande ule, na hatukusimama mpaka majembe yetu yalipokaribia kugongana. Filimbi ikalia. Katibu alipita na karatasi yake, akaona ngwe yangu mwenyewe, kule mbele, haijafika hata nusu. Akanitazama, akasubiri nijitetee.

"Andika," nilimwambia.

Akaandika jina langu kwenye wasiomaliza, na juu yake la mdogo wangu.

Siku iliyofuata nilimwendea katibu nikamwomba ampe dada nusu ngwe, ile aliyoitaka yeye tangu mwanzo. Alasiri tulikuwa tunarudi shambani kwetu, tunafungua chungu, tunapanda wote watatu kwenye mstari mmoja. Tulichelewa. Maua mengine yalikutana na jua, mengine yalishika. Tulivuna chungu cha mbegu, tukakijaza mpaka juu kwa majivu na maharage, na kilichobaki kwa kula kilikuwa kidogo. Jioni ya kwanza ya kuyapika mdogo wetu wa mwisho alikaa karibu na moto tangu sufuria inawekwa. Nilimpakulia mdogo wangu mwenye ule mguu wa kushoto kwanza, kabla yangu. Aliitazama sahani, akanitazama, akamhamishia dada nusu, akala.