Moraa wa Nani?

Siku moja ya soko haijanitoka moyoni, mwanangu, na sasa nina miaka sabini na ushei. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, nimevaa gauni jipya la Idi, nimemshika bibi yangu mkono pale soko la Daraja Mbili. Mjini Kisii wote walimjua kama Bi Zaituni, mke wa fundi cherehani. Sisi wajukuu tuliambiwa asili yetu ni pwani, nami nikaringa na hilo kwelikweli, bahari yenyewe sijawahi kuiona hata kwenye kalenda.

Basi mama mmoja muuza ndizi, aliyetoka Nyamira na mzigo wake, akaacha kupanga chane zake akamkazia bibi macho. Akasema kwa Kikisii, taratibu, "Moraa? Si wewe Moraa, binti wa..."

Sikumwacha amalize. Rafiki zangu wawili walikuwa nyuma yetu wanasikia. Nikapaza sauti kwa Kiswahili, "Umekosea mtu. Huyu ni bibi yangu, na sisi si Wakisii." Nikamvuta bibi. Naye akavutika, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakunigombeza, hakunifinya, na alikuwa hodari wa kufinya. Aligeuka mara moja tu kumtazama yule mama, kisha akanifuata kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Zamani alikuwa akinisuka nywele huku akinisimulia kijito cha kwao na ng'ombe wa baba yake, nami nasikiliza kwa sikio moja, nikingoja tu amalize kichwa. Tangu siku ile hakutaja kwao tena. Alifariki mimi nimeshaolewa, na sikuwa nimemwuliza. Niliona haya. Kila mara nilijiambia nitauliza kesho.

Mume wangu alitangulia zamani, na mwaka jana nilimzika dada yangu, nyumba ikabaki na mimi na redio. Ndugu wa upande wa babu wamekwisha wote. Upweke ukanishika, nikatamani watu wa bibi, yeyote yule, hata wa mbali. Nikaenda Nyamira, alikotoka yule muuza ndizi, na jina moja na kijito kimoja. Kumbe kule kila bonde la majani chai lina kijito chake. Nikapelekwa kwa mama mmoja mkongwe anayejua koo za pale. Akanikalisha, akanipa chai ya maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Moraa wa nani?"

Nikarudia habari ya kijito.

"Mama, hapa kila nyumba iko na Moraa," akasema. "Bila jina la baba yake siwezi kusema wewe ni wetu. Na siwezi kusema wewe si wetu."

Alisema kwa upole, hata machozi yalimlengalenga. Akanipa chane ya ndizi, akanisindikiza hadi barabarani, akinishukuru kwa kuja, maana mimi ni mgeni. Nilitamani anigombeze, aniulize nilikuwa wapi miaka yote hiyo. Nilirudi mjini na ndizi zangu, nikazipika, nikala peke yangu.

Jina lile lilikuwa mdomoni mwa yule muuza ndizi. Ningenyamaza kidogo tu, kiasi cha kumeza mate, ningelipata. Nililikata mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Ukiwa na mzee nyumbani, weka hiyo simu chini umwulize yeye ni wa nani, mama yake alikuwa wa nani, na walichota maji wapi. Andika kila kitu, hata unachoona hakina maana. Na mtu akimwita kwa jina usilolijua, usimvute mkono, hata kama wenzako wanatazama. Simama naye, mwache aitike.

Mungu akupe umri mrefu na watu wa kukubishia hodi. Na siku ukiulizwa wewe ni wa nani, akujalie uwe na la kujibu.