Mchanga wa Mama Mwanvua Hauchimbwi

Saa tatu asubuhi, jua limekwisha kupanda juu ya mto Lualaba, na Mama Mwanvua Hemedi amesimama ndani ya maji yanayomfika magotini. Kitenge amekikunja, kitambaa cha kichwa amekikaza, na mkono mmoja umeshika ncha ya mtumbwi wa wageni. Kabla mtu hajatia mguu mchangani, anawaambia maneno anayowaambia wote tangu aanze kazi hii.

"Toeni bote. Hapa hakuna mutu anaingia na bote. Mutu akivaa bote, kichwa yake ingali mu shimo."

Kwa kawaida wageni hucheka, wakavua buti zao za mpira na kuzitumbukiza katika tenga kubwa lililowekwa ukingoni. Leo hakuna anayecheka. Wanaume hawa kumi na wanane wametoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila, safari ya pikipiki ya kulala njiani, na katikati ya mtumbwi wao, chini ya turubai, mipini ya mabeleshi inachungulia.

Hawakuja kupumzika. Wamekuja kuchimba.

Mahali penyewe ni kisiwa cha mchanga mbele ya Nyangwe, mji wa zamani wa biashara ukingoni mwa mto. Mvua zikikatika na maji yakipungua, mchanga huibuka mweupe katikati ya Lualaba. Mvua zikirudi, mto huuchukua tena. Katika miezi hiyo michache ya kiangazi, mama huyu wa miaka arobaini na saba hupageuza pale kuwa mahali pa mapumziko pasipo na mfano kusini mwa jimbo la Maniema, Kongo, na mwandishi wa habari hizi yuko tayari kubishana na yeyote atakayesema vinginevyo.

Kuna vibanda vya matete vyenye kivuli cha kutosha. Kuna samaki wa kuchoma aina ya kapitene, wali wa mji jirani wa Kasongo, na chai ya tangawizi isiyokatika jikoni. Miti iliyokitwa mtoni inaonyesha mwisho wa kuogea. Ng'ambo yake ni mamlaka ya mamba. Pombe haiuzwi. "Anayetaka kulewa, alewe usingizi," husema mwenyewe.

Na kuna viti virefu vya mianzi, ambavyo habari yake inachekesha. Mwalimu mmoja wa Kasongo, Cécilia, alimwonyesha kwenye simu video ya kisiwa kidogo cha Karibi, watu wamelala chali kando ya bahari ya buluu, hawana hili wala lile. Mama Mwanvua hakuitazama bahari. Alitazama viti, kisha akamwita mumewe Kamaldine avitazame, na wiki hiyo hiyo vya kwanza vikawa tayari.

"Ile bahari yao iko na chumvi," anasema kwa majivuno. "Yetu unaoga, na ukisikia kiu unakunywa."

Basi ilikuwaje mabeleshi yakafika mahali kama hapa? Kosa lilitendwa na mtu mmoja, na ni kosa ambalo ni mchimbaji tu angeweza kulitenda. Majuma mawili yaliyopita, Katembo, mchimbaji wa makamo aliyetoka Butembo, alikuja hapa kupumzisha mgongo. Akala, akaoga, akalazwa kwenye kiti cha mianzi. Lakini mchanga ulikuwa chini yake, na maji yalikuwa kando yake. Jua lilipoanza kuzama, mikono ikamshinda. Aliomba sufuria jikoni akidai anataka kunawa, akajaza mchanga, akauosha kama anavyoosha siku zote. Kitu kikang'aa.

Akafunga konzi moja ya mchanga huo katika leso na kurudi zake kimya. Kimya hicho hakikuvuka Kasongo. Huko watu walisema ameokota kijiko cha dhahabu. Habari ilipoingia Salamabila, kijiko kilikuwa kimekuwa ndoo.

Mama Mwanvua alizipata habari hizo sokoni, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Hakuna karatasi inayosema mchanga ni wake. Ana haki ya jadi tu, aliyoachiwa na marehemu baba yake, Mzee Hemedi, aliyevua samaki hapa maisha yake yote. Wakianza hawa kumi na wanane, wengine mia watafuata, na shimo moja likifunguliwa upande wa mkondo, mto utamalizia kazi.

"Hii muchanga iko kama mukeka," anaeleza. "Ukivuta uzi moja, yote inafunguka. Watoto yangu wane walisoma juu ya hii mukeka."

Kiongozi wa msafara ni Jean-Baptiste, mwanamume mpana mwenye sauti nzito. Huko machimboni mwenye shimo huitwa pedeje, kama mkurugenzi wa kampuni, naye anaijua heshima ya jina hilo. Anabaki mtumbwini na buti zake miguuni.

"Mama, tulisikia huku iko mali."

"Iko, papa. Wali iko, samaki iko. Bote kwanza."

"Mama, tulikuja na kazi."

Hapo ndipo Mama Mwanvua anapoachia ncha ya mtumbwi na kusimama wima. Hapandishi sauti. "Hii muchanga iko na mila. Baba yangu alituachia. Mutu akikanyaga hapa siku ya kwanza, hashike kazi. Hata sahani hataosha. Atakula, ataoga, atalala. Kesho tutasikilizana."

Hakuitunga papo hapo. Wazee wa Nyangwe wanakumbuka kwamba kila mwaka, siku mchanga ulipoibuka, Mzee Hemedi aliwavusha watu wote wa nyumba yake, na siku hiyo hakuna aliyetandaza wavu wala kuziba mtumbwi. Walikula na kulala hapo mpaka jioni. Mto umetupa uwanja, alikuwa akisema, tuukalie kwanza kabla ya kuutumikisha. Alichofanya binti yake ni kuipanua mila hiyo imwenee kila mgeni.

Na wachimbaji, kwa ukali wao wote, ni watu wa mila. Kule kwao hakuna shimo linalofunguliwa kabla wenye ardhi hawajaombwa na jogoo hajachinjwa, na shimo likiporomoka, swali la kwanza ni nani aliyekiuka. Jean-Baptiste anawageukia wenzake. Mmoja anatazama maji, mwingine anatazama moshi wa samaki.

"Mila ni mila," anasema hatimaye, na kuinama kuvua buti.

Miguu inayotoka humo imechubuka, imepauka, na kucha zimekuwa nyeusi. Mama Mwanvua anaiona kila msimu na bado inamtia uchungu. Alianza kazi hii kwa sababu ya miguu kama hiyo.

Kamaldine alikuwa na duka dogo Kasongo. Biashara ilipolala, alifunga safari kwenda Salamabila kujaribu bahati, akarudi amekonda, mgongo umepinda, na usingizi umemkimbia. Alilala na buti miguuni, maana ndotoni alikuwa bado shimoni. Dawa zilijaribiwa. Mwishowe mkewe alimpakia mtumbwini akampeleka kwenye mchanga wa baba yake, akamvua buti kwa mikono yake, akamwacha.

"Nililala mpaka watu walizani nimekufa," anasema Kamaldine, ambaye leo ndiye nahodha wa mtumbwi na mlinzi wa waogaji. "Kuamuka, nikaomba wali. Ule ni bibi yangu. Wengine wako na daktari, mimi niko na huyu."

Aliwasimulia wenzake, na wenzake wakaja kujionea. Baada yao wakaja wauguzi wa Kasongo, maharusi, na walimu wakati wa likizo. Siku hizi siku ya Jumapili kisiwa hakina pa kuweka mguu.

Lakini leo si Jumapili, na mchana unakwenda polepole. Wanaume wamekwisha kula. Wengine wanazunguka kisiwa kama watu waliopoteza ufunguo. Mmoja anafukua mchanga kwa kidole cha mguu, akiona anatazamwa anaufukia. Mama Mwanvua anapita na birika la chai, kiti hadi kiti, na neno lake ni moja: "Lala, papa."

Jikoni, mbali na masikio yao, anakiri hofu yake. "Niko naogopa. Usiandike kama sikuogopa. Mila ni ya siku moja, na kesho iko karibu."

Jua linapolainika, kijana mmoja wa kundi anavua shati na kujitupa majini. Wa pili anamfuata. Muda si muda wanaume wazima wanarushiana maji na kuitana majina ya utani. Wanacheka ovyo, kicheko cha watu waliokuwa na deni la kucheka. Pedeje peke yake amebaki kwenye kiti cha mianzi, mikono kifuani. Sala ya alasiri haijaisha ng'ambo, naye anakoroma kwa nguvu mpaka ndege wanahama kibandani.

Asubuhi ya pili wanakusanyika wote ukingoni. Mila imekwisha. Mabeleshi yametolewa chini ya turubai, na Mama Mwanvua amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Jean-Baptiste ndiye tu hajainuka kitini.

Katembo, aliyekuja na msafara kuwaonyesha wenzake mahali, anajitokeza na karai. Uso umemwiva kwa aibu, kwa maana amekula samaki wa mama huyu mara mbili, na mara ya kwanza malipo yake yalikuwa siri na uvumi. Anajaza mchanga mbele ya macho yote, anazungusha, anamwaga, anazungusha tena. Vichembe vinang'aa kweli. Kisha vinapanda juu ya maji, vinapita ukingo wa karai, vinakwenda zake. Anarudia upande wa pili wa kisiwa, na ng'ambo ya jikoni. Ni yale yale.

"Haizame," anasema, na kulitua karai. "Zahabu inazama, hii inaogelea. Ile siku ilikuwa jioni, na nilikuwa na tamaa. Mama, unisamehe."

"Iko chini zaidi!" anapaza sauti mmoja. "Tushuke metre mbili tu!" Wawili watatu wanaitikia, na mkono umekwisha kushika mpini. Wanamgeukia pedeje. Kwa kawaida yake, neno "chini zaidi" humfanya asimame. Ndilo lililomtajirisha, na ndilo lililomfilisi mara mbili.

Jean-Baptiste anajinyoosha kitini mpaka mianzi inalia. Anatazama mto, anatazama mabeleshi, kisha anamtazama mwenye mahali.

"Mama," anauliza, "siku ya pili nayo iko na mila?"

Halafu Kamaldine anaangua kicheko, na kicheko kinawashika kumi na wanane wote, hata yule aliyeshika mpini. Mama Mwanvua hacheki. Anafuta macho kwa ncha ya kitenge, bila kujificha, kisha anasema kwamba siku ya pili mila yake ni kuongeza samaki.

Mabeleshi yanarudishwa mtumbwini yakiwa makavu. Katembo ndiye anayeyafunga turubai, na ameapa kwamba atakaporudi Salamabila atausimulia uwongo wake mwenyewe sokoni, kwa sauti, mpaka ufe.

Ikiwa kuna mtu anayefikiri mapumziko ni anasa ya watu wa mbali, wenye ndege na bahari ya buluu, aje akae siku moja kwenye mchanga huu. Mwanamke wa Nyangwe, bila askari, bila karatasi, bila neno la matusi, ameulinda kwa sahani ya wali na agizo la baba yake. Nyangwe imelijua jina lake siku nyingi. Sasa Salamabila nayo imelijua.

Siku ya tatu, wageni wakijiandaa kuondoka, pedeje anamfuata jikoni. Ana jambo. Kule kwake, anasema, kuna akina mama wanaotwanga mawe yenye dhahabu tangu asubuhi mpaka jioni, na mkubwa wao anaitwa Honorine.

"Ule mama, sijamuona hata siku moja amekaa mikono bure. Na mimi ndiye niko namupa mawe. Nalala hapa, niko namuwaza yeye."

Mama Mwanvua anaacha kukoroga chungu. Hilo ndilo analoliwaza yeye pia misimu yote hii, maana wanaume huja na hurudi wamenyooka migongo, lakini katika tenga lake la viatu ndala za wanawake wa machimboni ni za kuhesabu. Mpango wake anausema palepale, haraka, kama mtu aliyekuwa ameuweka mdomoni: msimu ujao, mchanga ukishaibuka tu, wiki nzima itakuwa ya wanawake wanaotwanga mawe. Kamaldine ataongeza viti. Faridah, binti yake wa kwanza, atawapokea Kasongo.

"Uwalete mwezi ya sita," anasema. "Honorine awe wa kwanza kushuka."

"Na wewe utawapikia wote hawa? Utachoka, mama."

"Mimi? Mimi nitakaa nao. Wewe ndiye utapika."

Jean-Baptiste anacheka, akidhani ni mzaha. Kicheko kinamkatikia anapoona wenzake wamesogea kutazama, na kisu kimekwisha kuwekwa mkononi mwake, na juu ya ubao mbele yake amelazwa kapitene mzima mwenye magamba makubwa. Pedeje wa Salamabila anakigeuza kisu huku na huku, kisha anaanza kuparua magamba kuanzia kichwa cha samaki.

"Hapana, papa. Anza ku mukia," Mama Mwanvua anamwambia, na kumgeuzia samaki. "Mwezi ya sita haiko mbali."