Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Kaltumu

Saa moja kasoro robo asubuhi, chini ya Arua Hill, sauti kumi na tisa zinapanda kwa pamoja kutoka chumba cha nyuma cha chuo cha wauguzi wasaidizi. Si Kiarabu, si Kilugbara, wala si Kiingereza. Mama mmoja mwenye kapu la muhogo anasimama barabarani, anasikiliza, anatikisa kichwa na kuendelea na safari yake.

Ni Kikorea. Ndiyo, Kikorea, hapa Arua, mwaka huu wa 1974. Mwandishi wa makala haya alishtuka, asijue kwamba huo ulikuwa mshtuko mdogo kuliko yote ya wiki ile.

Anayefundisha ni mwanafunzi kama wenzake. Kaltumu Andama, miaka 27, ni Mnubi wa Koboko, na kabla ya kupata nafasi chuoni alikuwa mfagiaji wa zahanati kwa shilingi mia na ishirini kwa mwezi. Anashika kijiti cha kuonyeshea ubaoni, na si ubaoni tu kinapotua.

"Odiga apuseyo?" anauliza. Maana yake, unaumwa wapi? Darasa zima linashika matumbo, magoti na vichwa, na kila mmoja anajibu.

Kisa chenyewe ni tangazo. Daktari Mkorea alikuwa anakuja hospitalini, hajui Kiswahili na Kiingereza chake ni cha kuokoteza, na wadi yake ilitaka wasaidizi sita watakaoelewana naye. Kwa watu wasio na hakika ya kazi, nafasi sita si haba. Kaltumu angeweza kufunga mdomo akaichukua moja kiulaini.

"Nikijua mimi peke yangu, nitaongea na nani?" anasema.

Lugha hiyo aliipata Koboko, kwa Daktari Han, Mkorea aliyefanya kazi zahanatini hadi mwaka 1972. Kaltumu alimfundisha Kiswahili cha wagonjwa, naye akamjazia daftari: herufi, hesabu, viungo vya mwili, maamkizi, kila ukurasa na maana yake. Lori la kumchukua lilipofika kabla ya wakati wake, alimwachia daftari mkononi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekaribia kujaa maandishi, na hakuna aliyewahi kumweleza maana yake.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ni kosa la mtoto aliyelelewa chuo cha Kurani. Kule unahifadhi kwanza, maana inafuata baadaye, na ukurasa haurukwi. Basi Kaltumu hakuruka. Kwa miezi nane darasa lake lilighani ukurasa ule kila asubuhi, kwa moyo na kwa sauti.

Jumatatu ya wiki ile alifika Bwana Ocama kutoka ofisi za serikali juu ya kilima. Alikaa nyuma, akasikiliza, kisha akataka maana ya ukurasa mmoja mmoja. Walipofika wa mwisho, Kaltumu akakiri kwamba huo hajui.

"Miezi nane mnaimba maneno ya wageni, na hamjui yanasema nini?" aliuliza.

Akampa hadi Ijumaa alete maana yake kwa maandishi. La sivyo alete daftari, na yeye mwenyewe aje na nguo za kubadilisha. Siku hizi maneno kama hayo mtu hahitaji kufafanuliwa. Kesho yake wanafunzi sita hawakuonekana.

Paska Driciru, anayeketi dawati moja na Kaltumu, alibaki. Nyumbani wamemwambia aache, alisema, "lakini kama mimi naacha, huyu iko na nani?"

Alhamisi, yule daktari wa tangazo, Daktari Ryu, akafika, mtu mfupi wa makamo, vumbi la barabara bado kwenye nyusi. Wanafunzi kumi na watatu wakamwamkia kwa Kikorea, naye akacheka kwa furaha. Ndipo Kaltumu akawaomba waghani ukurasa wa mwisho.

Kufikia mstari wa tatu kicheko kilikuwa kimekwisha. Daktari akawaomba waanze upya, polepole. Walipomaliza alivua miwani, akaketi kwenye benchi la wanafunzi.

Ilikuwa barua. Alieleza kwa Kiingereza chake kile, na mkuu wa chuo, Bwana Candia, akaigeuza Kiswahili: "Mama, huku kuna joto na watu ni wema. Nakula vizuri, usihangaike. Kifua changu hakiponi, na mimi ni daktari, najua mwisho wake. Jioni usinisubiri mlangoni, kuna baridi."

Daktari Han alifariki hospitalini mwezi ule ule aliofika Korea, kabla hajaonana na mama yake. Ryu alisoma naye, na ndiyo sababu aliomba kuletwa huku. Alisema mama wa marehemu huuliza hadi leo kama mwanawe aliacha neno lolote.

Mwandishi amehudhuria mazishi mengi, lakini hajawahi kuona watu waliopigwa na butwaa namna ile.

"Nilipiga Anguyo na kijiti kwa sababu alikosea mustari ya tatu," Kaltumu alisema, kwa sauti ya chini. "Kumbe mustari ya tatu ni mutu naaga mama yake."

Kisha akalia. Kwa miaka miwili alikuwa akijifunza ili siku moja amwandikie Daktari Han barua.

Ijumaa alipanda kilimani na karatasi ya tafsiri, na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Bwana Ocama alisoma mara mbili. Aliuliza swali moja tu, kama mama huyo bado yu hai. Kisha akaitia karatasi kwenye saraka na kumwambia aende akafundishe.

Wale sita wamerudi, na darasa ni kumi na tisa tena. Daktari Ryu atachagua sita wake mwezi ujao, na Anguyo, wa mstari wa tatu, anatajwa miongoni mwao.

Kaltumu naye ameamua kulituma daftari Korea, ingawa ndilo kitabu chake cha pekee. Anasema kule chuo cha Kurani, ubao ukishahifadhiwa huoshwa.

"Kitabu iende kwa mwenyewe," anasema. "Sisi iko nayo kwa kichwa."

Lakini hajalituma bado. Chini ya barua pana nafasi ya mstari mmoja, na anataka kuujaza kwa mkono wake, bila kusaidiwa na Daktari Ryu. Kule kula vizuri kulikuwa uongo wa mtoto kwa mama yake, anasema. Sahani zilikuwa zikirudi zimejaa, na aliyeziosha ni Kaltumu mwenyewe. Ila asubuhi ya lori, Daktari Han alikula uji wa mtama akaumaliza, akaomba mwingine.

"Hiyo ni ya kweli," anasema Kaltumu. "Nataka mama yake apate kitu moja ya kweli."