Nimemuombea marehemu aliye hai

Leo kanisani nimemuua mume wa Mama Neema, kwa mdomo wangu huu huu.

Msicheke kwanza.

Kiangazi hiki nusu ya Waanglikana wa Muscat wako likizo makwao, hata msoma maombi. Padre akaniomba mimi nisome.

Nikamwambia, "Padre, sauti hii mlikuwa mmeificha wapi?"

Karatasi ina orodha mbili, wagonjwa na marehemu. Mimi na mbwembwe zangu nikachanganya. "Tuwakumbuke marehemu wetu," nikasoma, na Yohana akaingia humo.

Yohana ndiye mume wa Mama Neema. Yuko hospitali Dodoma, kapasuliwa juzi.

Mama Neema akasimama. "Wamekupigia wewe? Saa ngapi?"

Nikasema nimekosea, mama. Hakuniamini. Alidhani namficha.

Tukatoka nje, akapiga simu. Kimya. Akapiga tena, kimya.

Mara ya nne akaitika Yohana mwenyewe, sauti nyembamba. Mama Neema akaketi kwenye ngazi, jua limeziunguza na wala hakusikia moto. Akashindwa kuongea, akanipa simu.

"Nani mwenzangu?" Yohana akauliza.

Jamani, na mdomo wote huu, ningeanzia wapi? Nyie mngesema nini?